Sakafu Nyekundu ya Bibi Yako

Mwana wa kaka yangu,

Goti langu limepoa, na miwani mipya imefika, ndiyo maana nimeiona vizuri picha uliyonitumia. Umesimama kando ya shimo, umevaa kofia ngumu, unachekelea vigae vya miaka mia sita. Hongera. Ujenzi wa mtaa mzima wa nyumba mpya unakusubiri wewe, mwanaakiolojia, useme kwamba ardhini hakuna kitu cha kuokoa, na hilo najivunia.

Lakini umeandika kwamba kwanza tingatinga "liliondoa takataka za juzijuzi". Takataka, mwanangu? Hebu tazama rundo lililo nyuma yako pichani. Vile vipande vyekundu ni sakafu ya bibi yako. Aliisugua kila asubuhi, hata ile asubuhi waliyokuja watu kutuhamisha kwa nguvu. "Chukueni vyombo, mama, sakafu haibebeki," walimwambia, wakacheka.

Kumbe ili nyumba iheshimiwe na nyinyi wasomi, sharti wenyewe wawe wamekufa wote! Basi kosa langu ni kuwa hai.

Unasema Jumatatu mnamalizia kona ya kisima. Hapo palikuwa jikoni. Marehemu baba yako, akijifunza kutembea, alikanyaga saruji mbichi, na bibi yako akakataa unyayo ule ufutwe. "Mwacheni," alisema, "naye ni mwenye nyumba."

Simamisha tingatinga. Chimba kwa mkono, kama unavyochimba nyumba za watu usiowajua. La sivyo nitakuja nikae juu ya unyayo ule. Kubebwa kutoka pale nimeshazoea tangu asubuhi ile. Safari hii utanibeba wewe.

Ni mimi shangazi yako,
mtoto wa nyumba ile.