Mara Hii Usizime Televisheni

Petersburg, 4 Oktoba 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi mzima. Goti limepona, daktari ameniruhusu kuruka.

Nimerudi kuteleza kwenye barafu. Wasichana wadogo wananiita shangazi, na mimi nina ishirini na mbili tu! Kocha Rimma Arkadyevna unamjua, hana maneno matamu: "Taya, mazoezini wewe malkia, mbele ya majaji wewe gunia la viazi." Amenipa nafasi ya mwisho, mashindano ya taifa mwezi wa Desemba. Watatu wa kwanza wanakwenda mashindano ya Ulaya. Nikivurunda tena kama miaka yote, nibebe viatu vyangu vya barafu niondoke.

Zamani ningelia. Siku hizi silii wala sicheki. Naanguka, nainuka, nakunywa uji, nalala.

Nina ombi. Wataonyesha kwenye televisheni, na mara hii usiizime. Usikimbilie jikoni kusugua masufuria huku jirani yako Zoya akikugongea ukuta kutoka kwake, mara moja kwamba nimetua, mara mbili kwamba nimeanguka. Nitazame wewe mwenyewe, mama. Nikijua unaniangalia, huenda nikahisi kitu.

Binti yako,
Taya

Kirov, 19 Oktoba 1998

Mwanangu Taya,

Marahaba. Mgongo ndio huo huo, tumeshazoeana. Kabichi nimeshaitia chumvi, na Zoya ameanza kuonja bila haya.

Hilo la televisheni uniache, mwanangu. Nilikutazama siku moja tu, ulipokuwa na miaka kumi na sita, na mruko wa kwanza tu ukaenda chini, ukabebwa. Tangu siku hiyo naona macho yangu yana nuksi. Zoya anasema ni ujinga mtupu. Sawa, ni ujinga, lakini nifanyeje?

Nakushonea gauni la buluu. Nitamkabidhi mhudumu wa behewa, ukalipokee stesheni. Na ule, umekonda.

Mama

Kirov, 29 Desemba 1998

Taya wangu,

Hujambo? Goti halijambo? Wa tatu! Hongera, mwanangu, hongera sana! Jengo zima linaringa, utadhani wote ndio waliokuzaa.

Nami nilikutazama. Tangu mwanzo hadi mwisho, macho sikubandua. Hilo gauni la buluu lilivyowaka! Zoya alilia mpaka akamwaga chai. Sasa jiandae na Ulaya.

Mama

Petersburg, 6 Januari 1999

Mama,

Shikamoo. Heri ya Krismasi yetu ya kesho. Goti halijambo.

Zipu ya gauni la buluu ilikatika nikisubiri kuitwa. Niliteleza na nguo yangu nyeusi ya mazoezi.

Sijakasirika. Natamani ningekasirika. Nilitua miruko yote, mama, yote, jambo ambalo sijalifanya mbele ya majaji maishani mwangu. Ukumbi ulisimama, watu wakanirushia midoli, Rimma Arkadyevna na ugumu wake wote akalia. Mimi nilikuwa naitafuta kamera. Niliitazama muda mrefu nikijua uko upande wa pili.

Kuhusu Ulaya, sijui. Rimma anasema nikija nyumbani sasa sitarudi tena. Nafika Jumamosi, treni ya asubuhi. Viatu vya barafu nimevitia kwenye begi, hata sijui kwa nini.

Taya

Karatasi iliyobandikwa mlangoni, Kirov, Jumamosi

Taya,

Pole na safari. Ufunguo uko kwa Zoya, lakini usiingie ndani kwanza.

Nilikudanganya. Zoya aligonga moja, tena moja, tena moja, nami nimefungulia bomba nasugua sufuria lililokwishatakata zamani. Sikuona hata mruko mmoja. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa nikikutazama tu utaanguka.

Stesheni sikuja kwa sababu tangu jana namimina maji uani kwa mpira wa bomba yagande, kama nilivyofanya ulipokuwa mdogo. Barafu imeshika. Ina mabondemabonde, na Zoya ameshaijaribu kwa makalio, lakini hajambo, anacheka tu.

Vaa viatu vyako uje huku nyuma. Nimekaa kwenye ngazi na koti la marehemu baba yako. Ulaya utaamua mwenyewe. Hapa anguka ukitaka, anguka hata mara mia. Mimi siondoki.

Mama