Boti Iliyonuka Karafuu

Mwaka umetimia, Hamdan, tangu tulipokulaza mchangani na resini, gundi ya boti zako, bado imeganda kwenye kucha zako. Waosha walijaribu limau, wakajaribu sabuni na wembe, haikutoka. Mwisho Mzee Nyange, mkubwa wao, akasema, "Mwacheni, yakhe. Mungu aijua kazi yake." Ukaenda nayo.

Sisi hatuna ada ya kumwandikia maiti gazetini. Kwetu husomwa hitima, watu wakala, wakarudi makwao. Lakini safari hii lipo jambo ambalo ni lazima lisemwe hadharani, na aliyeshika kalamu ni mimi, dada yako Mwatum. Duni, mdogo wetu, ameniomba nipunguze ukali. Nimemwambia kama haupendi atafute mwandishi mwengine, naye hajampata.

Nianze na wewe mwenyewe, maana wewe ndiwe wa kwanza kunichefua. Banda lako la boti pale Chokocho limepakana na chumba changu, ukuta ni mmoja. Ukikoroga resini, harufu inapita kwenye nyufa, inaingia kwenye kanga zangu, kwenye maji ya mtungi, kwenye wali. Nimekula wali wa resini miaka na miaka na sikuwahi kuupenda. Zile nyuzi za faiba ulizozilowesha resini nazo zinawasha kama upupu. Nguo zako zilifuliwa peke yake, zikaanikwa kwenye kamba yake, na bado watoto wa nyumba nzima walijikuna. Ukija kunisalimu ndevu zimegandamana, nilikupa mkono kwa ncha za vidole. Sijutii, ndugu yangu. Ulikuwa unanuka.

Lakini Mungu alikupa mikono. Tuliokuwa karibu yako tuliona unavyotandika mikeka ya faiba ndani ya kalibu ya kuundia boti, tabaka juu ya tabaka, ukiipitishia rola mpaka lisibaki povu hata moja. Asubuhi ya unyevu hukufanya kazi. Ulitoka nje, ukanusa hewa, ukarudi kulala, na wenye boti wakakaa barazani wamenuna. Chini, kwenye mkuku, ulitia kile kitambaa cheusi cha kaboni ulichokuwa ukikiagizia Unguja, ili boti ikikwaruza mwamba isipasuke. Ulikikata kwa mkasi wa kushonea wa mkeo Khairat, mkasi ukafa siku hiyohiyo.

Mabaki ya kaboni hukuyatupa. Mama ulimtengenezea mkongojo mweusi, mwepesi kama unyasi, na mpaka leo hauachi hata akienda uani. Khairat ukamfidia mkasi wake kwa mbuzi ya kukunia nazi, kaboni tupu, nyepesi kiasi kwamba anayeikalia huteleza nayo mpaka mlangoni. Bado anayo. Huifunga kamba kwenye nguzo ndipo anapoanza kukuna.

Na boti ikishatoka kalibuni, imekauka, inang'aa, kila apitaye anasema mashaallah, hapo ndipo wewe ulipoanza kazi. Ulitoa sarafu yako ya zamani ukaigonga boti mwili mzima, shibri kwa shibri, sikio karibu, kama mama anayechagua nazi gengeni. Penye uzima pakalia kwa sauti kali: ti, ti, ti. Penye povu, au pasipolowa resini, pakalia bu. Ulipaweka alama ya chaki, na kesho yake ukakata pale na kuanza upya, hata pawe pamepakwa rangi ya kupendeza namna gani. Mimi nimelala upande wa pili wa ukuta nayasikia yote. Nilizijua boti nzima na boti mbovu kabla ya wenyewe kuzijua, na faiba sijaigusa kwa kidole.

Mardhiya, binti yako, alipoanza kukusaidia bandani alikuuliza kwa nini unaharibu boti nzuri. Ulimjibu, "Mie siuzi rangi, mwanangu."

Jambo moja nimekukasirikia na bado nina hasira nalo. Barakoa aliyokununulia Mardhiya uliitundika msumarini mpaka buibui wakaifanya nyumba. "Yanibana, siwezi kuinusa kazi," ulisema. Kifua kilipokuja kukubana kweli, ukatuficha mpaka ukatutoka. Daktari hakusema ni resini. Mimi nasema.

Sasa nije kwa Shaame. Kwa wasiomjua, huyu alikuwa mshirika wako: yeye anatafuta wateja, wewe unatengeneza. Siku ya mazishi alilia kumshinda Khairat. Siku ya arubaini alileta ng'ombe. Kisha akatuomba kalibu yako, ile uliyokuwa ukiipaka nta kama mtoto anavyopakwa mafuta. "Jina la Fundi lisife, Bi Mwatum," akaniambia, machozi yanamtoka. "Mie n'taliendeleza." Tukampa, tena kwa dua.

Akaihamishia Mkoani, kwenye banda la bati jipya, na juu akatundika kibao kikubwa: BOTI ZA FUNDI HAMDAN. Pembeni picha yako, umecheka. Wewe hukuwahi kucheka kwenye picha tangu uzaliwe. Meno yale sijui aliyatoa kwa nani.

Karafuu zilipokwisha kuanikwa msimu uliopita, akatualika. Boti mpya inatiwa majini, imeandikwa ubavuni UKUMBUSHO WA FUNDI HAMDAN, na kazi yake ni kuwavusha watoto wa Kisiwa Panza wanaokuja skuli upande wetu. Tukavaa, tukaenda Mkoani. Kulikuwa na turubali, spika, wageni wa heshima, biriani, na fulana zenye uso wako. Niliona mtu mzima, na kilemba chake kichwani, akijipangusa mafuta ya biriani mdomoni kwa fulana ile. Amejipangusa kwa paji la uso wako. Sahani yangu niliisukuma mbali, sikuweza tena kula.

Watoto walikuwa wamepangwa mstari ufukweni, wameshavishwa maboya, maana dua ikimalizika wao ndio wangepanda wa kwanza wazungushwe ghubani. Shaame kashika kipaza sauti anasema kila shibri ya boti hii ina roho ya Fundi. Ubani ukafukizwa, shehe akaanza kuomba, mikono yote ikainuka. Mimi miguu yangu unaijua. Nikaegemea boti kwa mkono mmoja, pete yangu ikagonga ubavu.

Bu.

Nikadhani ni pete. Nikasogea mbele kidogo nikagonga kwa makusudi. Bu. Nikaenda mpaka kwenye omo, mbele kabisa, nikarudi mpaka tezi, nyuma. Bu, bu, bu. Hamdan, boti ile haikulia ti hata pahala pamoja. Dua haijesha na mimi naizunguka nikigonga, watu wananitazama kama mwehu.

Shaame akanijia mbiombio. "Bi Mwatum, wachia hapo, rangi haijakomaa."

"Rangi haina sauti. Mie nasikiliza ya ndani."

"Leo si siku yake, yakhe. Wageni hawa."

"Na watoto hawa, siku yao lini?"

Mardhiya alikuwa ameshaelewa. Aliingia bandani akatoka na grainda, akauendea waya wa umeme, akaichomoa spika na kuchomeka grainda. Shaame akapiga kelele, "Nzuieni ntoto huyo!" Hakuna aliyeinuka. Na yeye mwenyewe alipotaka kwenda, Mama, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, akaunyoosha mkongojo wako ukakata njia. Mkongojo wenyewe mwepesi vile, na mwanamume mzima hakuthubutu kuuruka.

Mardhiya akakata kipande cha ukubwa wa sahani, karibu na mkuku. Vumbi likaruka. Sote tukaziba pua tukiingojea ile harufu yako.

Haikuja. Ilikuja karafuu.

Harufu ya karafuu, Hamdan, inatoka tumboni mwa boti. Hakuna mtoto wa Pemba asiyeijua, na ufuko mzima uliijua. Mardhiya akatia bisibisi kwenye tundu, akachokonoa, akavuta, likatoka gunia. Gunia tupu la karafuu, kavu, halikulowa resini hata kidogo, limebanwa katikati ya tabaka mbili za faiba nyembamba kama ganda la yai. Nyuma yake gunia jengine. Nyuma yake maranda ya mbao. Na mkuku, ambapo wewe ulitia kaboni, hapakuwa na kaboni. Palipakwa rangi nyeusi.

Shehe alishusha mikono. Mwalimu wa skuli akaanza kuwavua watoto maboya, mmoja mmoja. Katoto kamoja kakauliza, "Hatwendi tena?" Mwalimu akakajibu, "Hatwendi, mwanangu."

Unajua Shaame alisema nini? Alisema, "Gunia nalo nyuzi kama faiba, Bi Mwatum. Na Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa kujaribu mambo." Akakusingizia wewe! Yuko chini ya kibao chenye jina lako, mbele ya mama yako, moshi wa ubani wako bado unapanda. Mimi tangu nizaliwe nawakataza watoto kutema mate mbele za watu. Siku ile nilitema, mchangani, mbele ya wageni wote wa heshima, na Duni alipotaka kunishika mkono nikatema tena.

Resini nilikuwa nikiikoga ikatoka. Uchafu wa siku ile haujanitoka. Nikipita Mkoani nikaona pale kibao kilipokuwa, navuka njia. Karafuu yenyewe, mali yetu, iliyotusomesha sote, nikiinusa sasa nawaona wale watoto kwenye mstari. Hilo nalo ametunyang'anya.

Vijana wa Chokocho waliibeba kalibu jioni ileile kwa gari ya mchanga wakairudisha nyumbani. Kibao Duni alikishusha mwenyewe. Fulana tulizikusanya, kuzichoma na uso wako hatukuweza, Khairat amezifua akazitia kisandukuni. Shaame ametuma watu waje kumwombea radhi. Tumewakaribisha, tumewapa chai, kisha Mama akawaambia, "Radhi yake si kwangu. Nendeni Kisiwa Panza, mukaiombe kwa mama zao watoto." Hatujasikia kwamba wamekwenda.

Ila kabla ya boti ile aliuza nyengine kwa jina lako. Hatujui ziko bandari gani, hatujui zinapakia nani. Hilo ndilo linalotunyima usingizi, na ndilo lililotuleta gazetini. Boti za mkono wako tunazijua, ziko Kiuyu, ziko Mkoani, zinafanya kazi na zitafanya. Hizo nyengine, mwenye nayo asione haya kuitazama.

Mardhiya amelifungua banda. Anavaa barakoa, nimeapa kumvunjia kalibu siku nitakayomkuta bila ya barakoa, na yeye anajua sifanyi mzaha. Boti yake ya kwanza ni ya wale watoto. Asubuhi ya leo, siku yako, nimeamshwa na harufu. Nikainuka nifunge dirisha kama desturi, nikaisikia sarafu ukutani: ti, ti, ti. Kisha bu. Nikasikia chaki inakwaruza. Nikaliacha dirisha wazi.

Wanaokukumbuka ni mama yako Bi Mwanapili, mwenye mkongojo, mkeo Khairat, mwanao Mardhiya, mdogo wako Duni, ambaye ukali huu si wake, majirani zako wote wa Chokocho, na mimi Mwatum. Atakayesoma haya akusomee Fatiha. Na atakayeikuta boti yenye jina la Fundi Hamdan, popote pale kisiwani, kabla hajamtia mtoto wake ndani, atoe sarafu aigonge.

Kukusahau hatuwezi, ndugu yetu. Wali wa hitima yako leo umenuka resini, na tumeula wote.