Mama Yangu na Duma wa Amboseli

Kitengela, Jumapili jioni, Agosti 2008

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa Agosti unaobeba vumbi la barabara ya Namanga na kulimwaga ndani ya sufuria. Sikuenda kanisani. Mgongo unauma, masikio yamejaa mchanga, na kila nikifumba macho naona nyasi.

Jana nilimwona duma.

Nilihamia Kitengela miaka ya tisini, nilipopata kazi huku. Wakati huo nyumbu na punda milia walikuwa wanapita nyuma ya ploti yetu, nasi hatukujisumbua hata kufungua dirisha. Siku hizi ni uzio, mabati na nyumba za kupanga. Kwa hivyo mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Bungoma, akasema angependa kumwona mnyama wa porini kabla Mungu hajamwita, ilibidi tusafiri mpaka Amboseli.

Tulikodi vani pamoja na majirani zangu, Baba Brian na mkewe. Dereva aliitwa Kyalo, kijana wa Machakos ambaye amebeba watalii miaka mingi. Mama alikaa mbele kando yake kwa sababu ya magoti, amejifunga leso mbili juu ya sweta. Tulipita Kajiado kabla jua halijapata nguvu. Bisil tukanywa chai kati ya watu waliokuwa wanaleta ng'ombe sokoni.

Tulipokuwa tumeshaingia mbugani, mawingu yakafunguka na mlima ukatokea wote. Sikujua mlima unaweza kuwa mkubwa hivyo. Mama alishika dashibodi kwa mikono miwili.

"Hiyo nyeupe ni barafu kweli?" aliuliza.

"Ni barafu, mama," Kyalo akasema. "Lakini inapungua."

Sote tukabandika nyuso kwenye vioo. Hata Mama Brian, ambaye alikuwa ameongea tangu Isinya.

Halafu redio ya gari ikaanza kukoroma. Madereva walikuwa wanaitana: kuna duma, njooni. Kyalo akageuza gari, na mbele tukaona vumbi limesimama kama moshi wa shamba linalochomwa. Vani zilikuwa nyingi, zote zimeacha barabara, zimekanyaga nyasi mpaka ardhi ikawa unga. Watu walikuwa wamesimama kupitia paa, wamebeba kamera, wanaelekezana kwa vidole. Sisi pia tukaacha barabara, tukaingia kwenye ule mduara.

Alikuwa katikati.

Nilidhani duma ni mnyama wa kutisha. Ni mwembamba, karibu mnyonge, na uso wake una mistari miwili myeusi inayoteremka kutoka machoni, kana kwamba alilia zamani na machozi hayajakauka. Angenyoosha shingo angegusa tairi letu.

Hakuwa na habari na sisi. Alikuwa anaangalia swala waliokuwa mbali kidogo. Aliinuka, akainamisha kichwa, akaanza kunyemelea. Vani moja ikasonga mbele ili watu wake waone vizuri. Nyingine ikafuata. Swala wakainua vichwa kwa sababu ya ngurumo ya injini, wakaondoka. Duma akasimama na mdomo wazi, mbavu zikipanda na kushuka, kisha akapita kati ya magari kwenda upande mwingine. Magari yakamfuata.

"Ako na watoto," Kyalo akasema. "Madereva wanasema jana pia hakushika kitu. Magari."

Mama aligeuka akamwangalia.

"Kyalo, mwanangu, turudi barabarani."

"Mama, tumetoka mbali," Mama Brian akasema kutoka nyuma. "Wacha hata tupate picha moja tu, akigeuka."

"Huyo anatafutia watoto wake chakula," Mama akajibu, bila kupandisha sauti. "Na sisi tumekuja kusimama jikoni kwake."

Kyalo alikuwa ameshika usukani lakini hatuendi popote. Nilifikiri anaogopa kutuudhi. Kisha akaniambia kupitia kioo, "Dada, nikikataa kusogea karibu, wageni hulalamika ofisini. Leo ndio mara ya kwanza mgeni ananiambia nirudi." Akarudisha gari nyuma pole pole, akifuata alama zetu wenyewe ili asikanyage nyasi mpya.

Mama Brian alinuna mpaka saa ya chakula. Simlaumu. Alikuwa ameisubiri hiyo safari kama mimi, na picha ya duma ndiyo angeonyesha kila mtu. Tuliona ndovu kwenye kinamasi, wameingia maji mpaka tumboni, na ndege weupe wamewapanda migongoni. Mama alicheka. Mama Brian hakucheka.

Mchana ulipoanza kulegea tulishika njia nyingine kuelekea getini. Mama akasema amesikia ndege, ndege mdogo wa sauti nyembamba. Kyalo akakanyaga breki, akazima injini.

"Si ndege," alinong'ona.

Duma yule yule, juu ya kichuguu, mbali nasi. Hapakuwa na gari lingine hata moja. Mkono wa Kyalo ulikwenda kwenye redio, kama mkono wa mtu unavyokwenda kwenye swichi akiingia nyumbani. Akaishika. Akamwangalia Mama. Mama alikuwa anaangalia nje.

Kyalo akaizima redio.

Tulingoja. Upepo ulikuwa unatujia usoni, unanuka majani makavu. Duma alishuka kichuguu na nyasi zikammeza. Sikumwona tena mpaka alipotoka, na alipotoka sikuona miguu. Niliona kitu cha rangi ya nyasi kimenyooka, swala anakata kushoto, nacho kinakata kushoto, mkia ukizunguka nyuma, halafu vumbi. Yote hayo bila sauti iliyotufikia. Mama Brian alikuwa amenishika mkono, na leo bado una alama za kucha zake.

Vumbi lilipotulia, duma alikuwa ameketi kando ya swala, anahema. Hakula. Aliinua kichwa akaita kwa ile sauti ya ndege, na kutoka kichakani wakaja watoto, wadogo, wana manyoya marefu ya kijivu mgongoni, wakijikwaa kwenye nyasi. Walikuwa hapo wakati wote.

Baba Brian alivua kofia. Sijui kwa nini, na nadhani hata yeye hajui.

"Orio," Mama akasema. Asante, kwa lugha yetu. Kisha akaongeza, "Lakini swala naye alikuwa mtoto wa mtu."

Mama Brian alipiga picha moja kutoka huko mbali. Ameniletea leo asubuhi niione kwenye kamera. Ni nyasi tupu na kidoa. Aliniambia hatawahi kuifuta.

Nimekaa na jambo hili siku nzima. Mimi pia ni mtalii, ingawa sina ngozi nyeupe wala kofia ya safari. Nitarudi Amboseli, na nitakaa barabarani.

Jioni hii shemeji yangu amepiga simu kutoka Nairobi. Habari zimemfikia. Anataka kupeleka wageni wa kazini kwake, msafara mzima wa magari, na anauliza duma tulimwona wapi hasa. Nimemwambia aende, amtafute Kyalo, wakae barabarani na wazime injini. Amesema sawa, sawa, lakini ni upande gani?

Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Mikono yake ikasimama.

Nimemjibu shemeji kwamba sikumbuki. Mungu anisamehe, nakumbuka mpaka kichaka.