Kwa Felisi, Mtani Wangu Uliyebaki Lobito

Felisi, mtani wangu,

Hukujua kusoma, na barua zako zote mimi ndiye niliyekuwa nakuandikia. Leo nakuandikia wewe mwenyewe na sijui nani atakusomea. Potelea mbali. Nisipoandika leo, kesho nitasema uongo mbele za watu, na huo utakuwa uongo wangu wa pili.

Kesho Jumapili Anastazia anamaliza matanga. Mkeo amevaa nyeusi mwaka mzima, amekonda, lakini uwanja wa nyumba yenu hapa Katuba anaufagia vilevile asubuhi na jioni. Pombe ya munkoyo imeshapikwa, imejaza mitungi miwili. Kwa kuwa mwili wako ulibaki ugenini, wazee wenu wameamua litandikwe koti lako chini, lile la kahawia uliloliacha kwa kuwa ulisikia baharini kuna joto. Mimi nilale kando yake kama mtani anavyolala kaburini, nikutukane watu wacheke, nikatae kuinuka mpaka nipewe kuku. Hapo ndipo mjane ataoga na kuvua nyeusi. Lakini kwanza ameniomba niisome ile barua.

Ile barua, Felisi. Nitafika huko, usiniharakishe.

Unakumbuka tulivyofika Lobito? Musungu wetu alipelekwa kule bandarini kusimamia mizigo ya shaba, akatubeba na vyombo vyake, wewe wa jikoni na mimi wa kufua na kupiga pasi. Jumapili ya kwanza tukaenda kuiona bahari. Ukoo wenu ni wa wavuvi, wetu ni wa wachemsha chumvi, na utani wetu unatoka huko kwa babu zetu waliobadilishana samaki na chumvi. Basi nilingoja kwa hamu kumwona mvuvi akiingia majini. Ukavua viatu, ukavishika mkononi visije vikaibwa, ukakunja suruali, ukaingia mpaka kwenye vifundo. Likaja wimbi moja, wala halikuwa kubwa. Ulikimbia, Felisi. Ulikimbia ukimwita mama yako, kiatu kimoja kikabaki majini, mimi nikaanguka mchangani kwa kicheko.

Nilipoyaonja maji na kutema, ukapata pa kulipizia. Ukasema, “Weye muntu ya chumvi, baba zako balimwanga kazi yabo yote huku.” Kesho yake ukachota ndoo nzima ukachemshia samaki wa Madamu, mke wa Musungu, eti chumvi ya watani zako haina haja ya kununuliwa. Madamu aliweka uma chini baada ya tonge moja. Wewe ukanilaumu mimi na ukoo wangu wote, tena kwa sauti, mpaka mtunza bustani, Mwangola asiyejua neno moja la Kiswahili, akacheka.

Halafu ikaja gripi, yale mafua ya kuua. Kule walisema imekuja na treni kutoka Kongo. Niliporudi huku nikakuta watu wanasema imekuja na meli kutoka baharini. Kila mtu aliipa mlango wa jirani. Sisi wageni wenye kibali cha karatasi moja tulifukuzwa ufukweni, mara ya pili kwa mawe. Soko likafungwa, bandarini kukawa kimya, na jioni tulikaa nyuma ya nyumba tukiisikia bahari tusiyoruhusiwa kuiona. Wewe ulisema afadhali, haitakuja kukudai kiatu cha pili.

Siku ya nne tangu soko lifungwe ulishindwa kusimama jikoni. Wakakuchukua mpaka lile banda la wagonjwa upande wa pwani.

Hapa ndipo uongo ulipo. Anastazia anajua, Katuba yote inajua, kwamba nilizuiwa kuingia. Sikuzuiwa. Mwuguzi alikuwa mtu wa Dilolo, alisema Kiswahili chetu. Alitoka nje, akanikuta nimekaa mchangani, akaniambia, “Anauliza, mutani yangu iko wapi? Ingia, funga kitambaa ku kinywa.” Akaninyooshea hicho kitambaa, kimefuliwa vizuri, mimi wa kufua nikakiona ni safi. Mlango ulikuwa wazi. Nikasikia mnavyokohoa mle ndani. Nikamwambia akuambie nitaingia kesho.

Nilimcheka mvuvi aliyekimbia maji. Sasa niambie, Felisi, nani alikimbia.

Kesho yake ulikuwa umekwisha kufungwa kwenye shuka. Watu nisiowajua walikuchimbia, mchanga ukiporomoka kila wanapotoa. Nilisimama mbali. Sikulala kaburini mwako, sikukutukana hata tusi moja. Ulizikwa kama mtu asiye na watani.

Jioni ile nikamwandikia mkeo. Mkono ulishazoea kuandika kwa sauti yako, nikaandika kwamba nilizuiwa mlangoni, nikakusikia kupitia dirishani, na ulisema: “Mwambieni Anastazia nimeona bahari, lakini kisima cha kwetu kinanitosha.” Maneno yangu hayo. Ameyashika kwa moyo. Anawaambia watoto wako wanapogombania maji. Padri aliyasifu. Kila ninaposikia natamani ardhi inimeze, halafu ananikaribisha bukari, nakula.

Nimefikiri mwaka mzima kama nimnyang'anye mtu maneno yanayomsimamisha asubuhi. Nakuambia wazi, naogopa kuliko nilivyoogopa pale mchangani. Lakini siwezi kulala kando ya koti lako nikakutania wakati nimekuficha kitu. Utani hauna siri, ndiyo maana wanatupa sisi kazi ya kuzika.

Kwa hiyo nakuahidi. Kesho baada ya misa ya kwanza, kabla wageni hawajafika, nitamkalisha Anastazia nyuma ya nyumba, nimwambie yote, na yale pekee uliyoyasema kweli nimpe: kwamba uliuliza mtani wako yuko wapi. Akinifukuza, nitatoka, na wazee watafute mtani mwingine. Akiniacha, nitalala chini kwenye vumbi jekundu, ubavu kwa ubavu na koti lako, nami nitaeleza kila kitu, kiatu, wimbi, samaki wa Madamu, mpaka walie kwa kucheka. Na kuku nitamkataa. Sistahili kuku.

Lala salama huko kwenye mchanga wa watu. Na ukimwona tena yule mwuguzi wa Dilolo, kama naye gripi ilimchukua, mwambie ile kesho niliyomtuma imefika. Nimekuja, Felisi. Nimechelewa, lakini nimekuja.

Mtani wako,
Yosefu