Pembe Zilizoachwa Wazi

Msambweni,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mwanangu Alamin,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta huko Doha u mzima, unakula na unalala. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ni goti tu linanisumbua nikiinuka kwenye swala. Usiniulize kwa nini nimeandika na simu iko. Yako mambo mama hawezi kumwambia mwanawe sikioni. Barua nampa Hafsa, yule jirani, likizo yake imekwisha anarudi kazini huko kwenu. Mwandiko univumilie, wajua shule yangu iliishia wapi.

Uliponiambia Idi hii pia huji, nilisema haidhuru. Ulinieleza kuwa tajiri yako amekukabidhi kupanga kwenye kompyuta namna za kukata pembe za vyuma bapa: uko mkato wa mraba, wa mshazari na wa mviringo, kila mmoja na kipimo chake, ili mchoraji yeyote achague tu na mkata chuma asibuni lake. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Simu ilipokatika nikachukua boksi la sabuni na mkasi, nikakata pembe za namna zote tatu, nikaziweka mezani nikizitazama. Nilitaka kuijua hiyo kazi inayokuzuia.

Arusini kwa kina Twaiba waliniuliza wafanya nini huko. Nikasema wakata pembe za vyuma. Twaiba akacheka, akasema kumbe umepanda ndege kwenda kufanya kazi aifanyayo Mbarak pale Kombani. Nilicheka nao, lakini wali ule sikuumaliza.

Mbarak ndiye yule fundi wa kuchomelea uliyemtumia mchoro wa stendi ya tangi letu la maji. Wakumbuka alivyokosea. Wewe uliacha pembe zimekatwa mviringo pale vyuma vinapokutana. Yeye akaona ni aibu kumkabidhi mjane kitu chenye matundu, akayaziba yote, akayasugua, akayapaka rangi. Ukamwambia kwa simu kwamba maji yatatuama pale na kula chuma, na kwamba viungo vyote vikibanwa kona moja vitapasuka. Hakubisha. Alirudi akayafungua moja moja.

Tangu hapo huja kutazama kutu. Chuma kipya, Alamin, kutu ipi? Hulizunguka tangi, akagongagonga, akauliza habari zako. Nampa chai barazani, na kabla ya magharibi ameshaondoka, watu wasiseme. Siku asipokuja nyumba huwa kimya hata nasikia bomba likidondosha maji. Mimi bado napika wali wa watu wawili, mwanangu. Unaobaki huliwa na kuku.

Sasa nikwambie. Mbarak amemtuma dada yake kuleta posa. Mkewe alifariki mwaka juzi, na watoto wake wako Samburu na biashara zao. Mjomba wako Boga, ambaye ndiye walii wangu wa kuniozesha, ametuma neno kutoka Vanga kwamba yeye ameridhia. Nami moyo wangu umeridhia, nisikufiche. Uliyebaki ni wewe. Nimewaambia sitajibu mpaka nisikie kwako, maana naogopa usije ukaona nimemsahau marehemu baba yako. Kofia yake bado iko kwenye msumari pale barazani. Mbarak hukaa upande wa pili, hajawahi kuketi chini yake.

Ukisema hapana, babangu, nitabaki hivi nilivyo na sitakuwekea kinyongo. Ila ikiwa hivyo, uwe wanipigia hata siku ambayo huna la kusema.

Twaiba akusalimu, asema usimkasirikie kwa mzaha wake. Mjomba Boga naye salamu tele. Vaa kofia juani, na maji unywe. Mola akulinde ulipo.

Ni mimi mamako,
Biasha

Nimekutilia humu zile pembe tatu za boksi. Niangalizie kama nilizikata sawa.