Bunduki ya Mti wa Mama

Kaka Harlan,

Huku Montana theluji imeshakaa milimani, na sisi tu wazima. Ila ile bunduki niliyoiunda kwa mbao za ule mti wa mjozi wa mama imenitoa jasho. Risasi zilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe! Nikakaza skrubu za darubini, nikabadilisha risasi, wapi. Nikapitisha noti ya dola kati ya mtutu na mbao, kama baba alivyotufundisha, ikakwama katikati. Kumbe mbao imevimba, inausukuma mtutu. Nikaikwangua hadi noti ikateleza yenyewe. Bado!

Loretta akaacha kufuma. "Hebu lete hapa, mzee. Unaisingizia bunduki ya watu."

Mke wangu huyo akapiga risasi tatu, na matundu yote ungeyafunika kwa kidole gumba.

"Haya, mbovu nani sasa?" akanicheka. Kisha akaushika mkono wangu wa kulia mpaka ukaacha kutetemeka.

Basi mwaka huu wa kuwinda kulungu ni yeye. Mimi nitabeba kahawa na kumsifu, na nyama utaletewa.

Usishangae mwandiko kunyooka hivi. Ni wake.

Mdogo wako,
Delbert