Mianzi ya Ulanzi na Kabati Lenye Kufuli

Mjukuu wangu Tumaini,

Kamwene huko Sudan Kusini. Sisi hapa Mafinga tu wazima, mama yako anavuna viazi.

Unauliza tuliwezaje kutibu bila vifaa, maana hata wewe unawafunga wagonjwa mifupa iliyovunjika kwa maboksi na wageni wanakusifu. Hizo sifa zimenikera!

Miaka ya hamsini nilikuwa muuguzi Iringa. Akaletwa mpasua mbao, gogo limemvunja mguu. Plasta ya mifupa ilijaa kabatini, ila ilikuwa ya wodi ya Wazungu. Nikamwomba sista mkuu ufunguo.

"Hiyo si ya watu wenu," akasema.

Jirani wa mgonjwa, mgema, akakata mianzi yake ya kugemea pombe ya ulanzi, mali aliyoitegemea, tukaufunga mguu kwa hiyo. Akaja mgeni wa Ulaya, akaipiga picha. "Mna akili kweli ninyi!" Kabati lilikuwa nyuma yake.

Mguu uliunga umepinda. Yule bwana hakupasua mbao tena.

Tibu kwa ulichonacho, mjukuu wangu. Ila wakikusifu, waulize ufunguo anao nani.

Bibi yako, nisiyetaka kusifiwa mpaka leo.